Niwe mkali, au niendelee kuwa mimi?

SWALI: Nina miaka 34, ni muuguzi, na tangu mwezi wa kwanza mwaka huu mimi ndiye inchaji wa wodi ya watoto katika hospitali ya wilaya. Nina wauguzi 14. Sita kati yao wamenizidi umri, na mmoja ndiye aliyenipokea nilipokuja kufanya mafunzo kwa vitendo. Hadi leo ananiita "mwanangu" mbele ya ndugu wa wagonjwa. Kabla sijakabidhiwa wodi nilihudhuria semina ya uongozi, tukafundishwa kwamba kiongozi awe yeye mwenyewe na ajenge ukaribu wa kweli na watu wake. Nikafanya hivyo. Niliwaambia sisi ni familia, mlango wangu uko wazi. Nikafungua grupu la WhatsApp. Nakula nao, tunachangiana kwenye misiba na harusi. Hata mwenzetu mmoja aliponiambia kwamba amesahau dripu ikaisha usiku, sikumwandikia barua. Niliweka tu ujumbe kwenye grupu bila kumtaja jina, ili wote tujifunze.

Wiki tatu zilizopita mtoto wa siku tano, kilo 3, alipewa gentamisini, antibiotiki ya sindano, mara nne ya dozi yake. Hakuna muuguzi aliyeniambia. Aliyeniambia ni mama wa mtoto, aliyeona bomba la sindano limejaa kuliko la jana yake. Tulimfuatilia mtoto, figo ziko sawa, ameruhusiwa. Mimi ndiye sijapona. Mainchaji wenzangu wanasema nimewazoesha vibaya, sasa nikaze kama matroni wa zamani. Je, nibadilike?

JIBU: Sista, umri wangu unaniruhusu kukuita mwanangu, lakini umeshaeleza neno hilo linavyokukera, basi tubaki na Sista.

Nianze na hao matroni wa zamani, maana nilifanya kazi chini yao na baadaye nikawa mmoja wao. Nimekaa kwenye uuguzi miaka 33, na sasa kazi yangu ni kuwanoa mainchaji wapya. Unaambiwa zamani kulikuwa na nidhamu. Kweli, ilikuwepo. Shuka zilikunjwa pembe kama bahasha, na viatu vya matroni vikisikika kwenye korido hata mgonjwa alinyoosha miguu. Makosa nayo yalikuwepo, ila yalifichwa kwa ustadi mkubwa zaidi. Nakumbuka usiku mmoja, nikiwa na miaka 23, kichupa cha dawa ya bei kilituponyoka kikavunjika. Wauguzi watatu tulikaa kutunga maelezo mpaka alfajiri. Muda tuliotumia kutunga uongo ule ungetosha kuwageuza wagonjwa wote wodini mara mbili.

Kwa hiyo kukaza peke yake hakutakuletea habari za gentamisini. Ila upole wako nao haukuzileta, na hapo ndipo pa kukaa.

Katika barua yako kuna sentensi uliyoipita mbio, mimi nimeisoma mara tatu. Ile ya dripu. Umeandika kwamba muuguzi mwenyewe ndiye aliyekuambia. Yaani alikuja kwako, kwa miguu yake, akakupa habari inayomchoma. Ukashukuru, naamini. Kisha ukaiweka kwenye grupu bila jina. Sista, wodi ya wauguzi 14, zamu ya usiku ina watu wawili. Ukisema "mwenzetu mmoja jana usiku", umemtaja jina, kabila na mtaa anaoishi. Najaribu kumwona akiwa kwenye daladala anarudi nyumbani, hajalala, anafungua simu anakuta kosa lake limepangiwa mstari wa "Amina" na "tuwe makini jamani".

Ulitaka wodi ijifunze, nayo ilijifunza kwamba neno likifika kwako, linafika kwenye grupu. Ilipokuja siku ya gentamisini, kila mtu alikuwa ameshafanya hesabu yake kimyakimya. Kwa hiyo wanaosema umewazoesha wamekosea ugonjwa. Watu wako wanakujua ukicheka. Hawajui ukiletewa habari mbaya utafanya nini, na mara ya mwisho mmoja alipojaribu, waliona.

Kuna jambo la utafiti linalonisaidia kila ninapofundisha hili. Miaka ya 1990 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Amy Edmondson, alipima makosa ya dawa katika wodi za hospitali mbili za kufundishia nchini Marekani. Alitarajia wodi zenye ushirikiano mzuri na viongozi wazuri ziwe na makosa machache. Matokeo yakaja kinyume: wodi zilizoelewana zaidi ndizo zilizoonekana na makosa mengi. Alipochimba akaelewa kwamba huenda hazikuwa zinakosea zaidi, bali zilikuwa zinasema zaidi. Kwingine makosa yalikuwa yamelala chini ya godoro. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1996, na mimi nayatumia hivi: inchaji akiniletea daftari la matukio lililo jeupe miezi sita, simpongezi. Namuuliza habari zinaishia kwa nani.

Sasa hilo la kuwa wewe mwenyewe. Semina ilikupa nusu ya neno. Watu 14 hawana haja ya moyo wako wote. Wana kazi, wana watoto, wana mikopo ya SACCOS. Wanachohitaji kujua ni kitu kidogo tu: saa nane usiku, mambo yakiharibika, sista huyu atasema nini kwanza? Mkali anayejulikana mpaka wake watu huishi naye. Mpole asiyejulikana mpaka wake huwatia watu wasiwasi zaidi, kwa sababu kila siku wanabahatisha. Na mpaka wako hawatausikia kwenye hotuba. Watausoma kwenye ratiba ya zamu.

Nikueleze yaliyonikuta. Mwaka wangu wa pili nikiwa inchaji, katika hospitali ambayo sitaitaja, nilikuwa na rafiki yangu wa chuo kwenye timu. Alikuwa ananyonyesha, nikamwondolea zamu za usiku, jambo la haki kabisa. Mtoto akaachishwa ziwa, ratiba haikubadilika. Mtoto akaanza chekechea, ratiba ikabaki ileile. Nami kila asubuhi kwenye kukabidhiana zamu nahubiri usawa na upendo. Wauguzi wote waliona, wote wakanyamaza, karibu miaka mitatu. Aliyenifungua macho ni mhudumu wa usafi, mama mmoja mwenye utani. Alikuwa anapiga deki, akasimama, akaegemea mpini: "Sista, hivi huyo mtoto anayenyonya ataolewa lini?"

Nilicheka kwanza. Kisha sikulala. Kesho yake niliichana ratiba, nikaandika mpya, na usiku wa mkesha wa Mwaka Mpya nikaweka jina langu mwenyewe. Asubuhi niliwaambia, kwa maneno yasiyozidi kumi, kwamba nilipendelea na nimerekebisha. Sikueleza sababu, maana sababu zangu zingekuwa nzuri sana. Ilichukua kama miezi miwili ndipo muuguzi mmoja akaja kunieleza jambo ambalo kabla ya hapo asingenieleza. Rafiki yangu yeye alininunia mpaka Pasaka.

Kama unataka mfano mkubwa kuliko wa wodi, upo wa Oktoba 1966. Wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa, baadhi wakiwa na mabango yanayodai kwamba enzi za ukoloni zilikuwa nafuu. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza Ikulu. Kisha akawafukuza, mamia wakarudishwa makwao. Na papo hapo, kwa kuwa suala la mishahara minono ya wakubwa lilikuwa limeguswa, akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mtu anaweza kubishana naye kuhusu kuwafukuza wale vijana. Mimi mwenyewe nabishana. Lakini hakuna aliyetoka pale akiwa hajui Mwalimu amesimama wapi, na aliyetozwa wa kwanza mfukoni alikuwa yeye. Ukali na ukweli vilikaa kwenye hotuba moja. Kwa hiyo swali lako la "niwe mkali au niwe mimi" sidhani limesimama vizuri. Utakuwa vyote viwili, wakati mwingine kabla ya chai ya saa nne.

Tuje kwenye ukaribu. Semina nyingi hutuagiza tuwaulize watu habari za nyumbani, kana kwamba sisi hatujui. Sista, sisi tunaulizana habari za nyumbani, za watoto, za kazi na za tangu juzi kabla hatujaweka mkoba chini. Tatizo liko kwingine. Salamu zetu zimeundwa zijibiwe "nzuri". Hujambo, yaani huna jambo? Sijambo. Mtu ametoka kumlaza mumewe hospitalini na atakujibu "salama" kwa adabu, na adabu hiyo ni nzuri, isipokuwa kiongozi akiishia hapo atadhani amewajua watu kumbe amewasalimia tu.

Kwa hiyo baada ya salamu tafuta swali ambalo "nzuri" haiwezi kulijibu. Mimi nilikuwa na langu, nikiliuliza zamu ya usiku inapotoka: "Ni mtoto gani aliyekutia wasiwasi usiku?" Si "kulikuwa na tatizo?", hilo litajibiwa "hapana". Mtoto gani. Lazima aliyekesha amfikirie mmoja. Na akimtaja, unakwenda naye mpaka kitandani, mnamtazama pamoja. Dakika tano hazifiki. Hapo ndipo ukaribu wa kazi yetu unapojengwa, pembeni ya mgonjwa, bega kwa bega, mikono yote miwili ikiwa na kazi. Utajua nani anahesabu dripu kwa macho badala ya saa, nani anaogopa watoto wenye degedege, nani anapendwa na akina mama. Yule aliyesahau dripu, pengine ungegundua kwamba usiku ule alikuwa na watoto wangapi peke yake.

Msibani nenda, na mchango toa. Ila usivihesabie kama uongozi. Vile ni utu, ungevifanya hata usingekuwa inchaji.

Mama anayekuita mwanangu. Usimrekebishe mbele za watu na usinune. Mwendee siku akiwa peke yake, umpe shikamoo yake (na uendelee kumpa kila siku; shikamoo haijawahi kumpunguzia mtu cheo), kisha mwambie: "Mama, tukiwa sisi kwa sisi niite mwanangu, napenda. Mbele ya ndugu wa wagonjwa niite Sista, wajue nani wa kuulizwa." Wengi wao hukubali palepale, na wengine husema hawakujua kama linakuudhi. Halafu mpe kazi inayolingana na mikono yake. Mtu aliyewapokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo miaka yote hiyo lazima anajua kutafuta mshipa kichwani kwa mtoto aliyekaukiwa maji. Mkabidhi wauguzi wapya wawili, awafundishe. Tena nitakunong'oneza jambo: siwezi kuapa, lakini nadhani habari ya gentamisini aliijua siku ileile. Vijana wa wodini wana mtu wao wa kumwendea, na kwa kawaida ndiye huyo. Ukimheshimu, habari zitapata njia ya kukufikia.

Sasa muuguzi mwenyewe aliyetoa dawa. Kaa naye pasipo mtu, na usianze na "kwa nini". Kwa Kiswahili chetu "kwa nini umefanya hivi" ni hukumu iliyovaa nguo ya swali. Mtu akiulizwa hivyo anatafuta pa kutorokea. Uliza ilikuwaje. "Nimeijua habari ya dawa. Nieleze usiku ule, tangu ulipopokea zamu." Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu kuliko yote, maana sisi manesi tunapenda kumalizia watu sentensi.

Mimi sikuwepo, lakini nina dhana yangu. Kuna vichupa vya gentamisini vya ml 2 vyenye mg 20, na kuna vya ml 2 vilevile vyenye mg 80. Mtoto wa kilo 3 kwa mg 5 kila kilo anahitaji mg 15. Kutoka kichupa cha 20 hiyo ni ml 1.5. Kutoka cha 80 ni kama ml 0.4. Ukivuta ml 1.5 kutoka cha 80, umempa mg 60, na hiyo ndiyo mara nne yako. Mama aliona bomba limejaa kuliko jana yake kwa sababu huenda jana yake aliyevuta alisoma maandishi ya kichupa, na wa siku ya pili akavuta kwa mazoea. Kama nimepatia, nenda leo kwenye kabati la dawa. Nahisi utakuta aina zote mbili kwenye boksi moja. Zitenganishe, za 80 ziwe na boksi lake lenye karatasi nyekundu, na dozi ya mtoto mchanga isitolewe mpaka watu wawili wasome kichupa kwa sauti. Mwache huyo huyo muuguzi ndiye aupange utaratibu, kwa ridhaa yake, na kama hataki lisitajwe jina lake popote.

Lakini kuvuta kwa makosa ni jambo moja, na kukaa kimya ukijua ni jingine, na hapa sitaki upole ukuteleze. Kama alijua siku ileile, mwambie wazi: "Kosa la dozi tutalirekebisha pamoja. Kunyamaza, mtoto akiwa hatarini, hilo naliandika na linakwenda kwa muuguzi mfawidhi. Nitakwenda na wewe, na nitasema na langu." La kwako lipo, ni lile la dripu. Usimwahidi mtu yeyote kwamba jambo "litabaki kati yetu" kabla hujalisikia. Hiyo ni ahadi ambayo siku moja itakulazimu kuchagua kati yake na mgonjwa.

Kwa wodi nzima, ongea nao kwenye kukabidhiana zamu, mkiwa mmesimama, mambo yasigeuke kikao. Fanya mara mbili, ili zamu zote zisikie. Kama ningekuwa wewe ningesema hivi: "Mwenzetu alinieleza kosa lake, nami nikaliweka kwenye grupu. Nilikosea, nimeshamwomba radhi. Kuanzia leo kosa la mtu haliingii kwenye grupu, hata bila jina. Ukiniambia mwenyewe siku hiyohiyo, tutakaa tutafute chanzo. Nikiambiwa na mama wa mtoto, nitaandika barua." Hapo wana mpaka wa kuushika. Ila kabla ya kusimama mbele yao, uwe kweli umeshamwomba radhi yule wa dripu, uso kwa uso. Usimtumie meseji.

Kisha subiri, na utakapoletewa habari mbaya ya kwanza, ambayo huenda ikawa ndogo, ya kipimajoto kilichovunjika, jua kwamba wodi nzima inatazama uso wako. Mara nyingi huwa wanakujaribu kwa kitu cha bei rahisi.

Hofu zako, hizo nazozihisi kwenye barua, zitafutie mtu nje ya wodi. Inchaji wa wodi nyingine mwenye mdomo mzito anatosha. Si lazima watu wako wakuone ukilia ndipo wajue wewe ni binadamu. Wanajua, wameshakuona ukila ugali.

Jambo moja halimo kwenye barua yako, na limenisumbua tangu nilipoisoma. Umesema mama aliona, akakuambia, mtoto akafuatiliwa, akaruhusiwa. Hukusema kama yule mama aliwahi kuelezwa ilikuwa nini. Kama bado, zungumza na daktari wa wodi na mfawidhi, kisha mmwite aje na mtoto. Mwambieni dawa ilizidi, mara ngapi, mmefanya nini, na mpangeni tarehe ya kumpima mtoto masikio, kwa sababu gentamisini ikizidi haigusi figo peke yake. Nenda na muuguzi wako, kama atakubali. Na umshukuru huyo mama kwa jina lake, maana siku ile katika wodi yako ni yeye peke yake aliyetoa ripoti.